Kodi ya Nyumba Texas: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuipunguza na Kuipinga

Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo kwenye mshahara. Fedha za shule, barabara za kaunti, polisi wa jiji na hospitali za umma zinatoka kwa sehemu kubwa kwenye kodi ya nyumba na ardhi, ndiyo maana bili yake ni nzito kuliko katika majimbo mengi. Majibu yaliyo hapa ni kwa mwenye nyumba ya kuishi, awe Houston, Dallas, Fort Worth, Austin au San Antonio. Viwango vya misamaha ni vile vilivyopitishwa na wapiga kura Novemba 2025.

Nani hasa anayepanga kodi yangu?

Ni pande mbili, na kuzichanganya ndilo kosa la kwanza. Ofisi ya tathmini ya kaunti (HCAD kwa Houston, DCAD kwa Dallas, TAD kwa Fort Worth) hukadiria thamani ya nyumba yako ilivyokuwa Januari 1. Kisha bodi ya shule, makamishna wa kaunti na baraza la jiji hupanga viwango vya kodi, kwa kawaida Agosti na Septemba. Bili huanza kutumwa Oktoba.

Kwa hiyo ukifika ofisi ya tathmini ukasema "kodi imenishinda", watakusikiliza na utaondoka mikono mitupu. Hawana mamlaka juu ya kiwango, na sheria haiwaruhusu kuangalia kipato chako. Pale kinachojadiliwa ni kimoja tu: nyumba ina thamani gani. Anayetaka kupinga kiwango aende kwenye vikao vya hadhara vya bajeti, ambako viti vingi hubaki vitupu.

Notisi yangu kutoka ofisi ya tathmini ina thamani zaidi ya moja. Niangalie ipi?

Thamani ya soko ni bei ambayo ofisi inaamini nyumba ingeuzwa Januari 1. Thamani ya tathmini ni hiyo hiyo baada ya kuwekewa kikomo cha kupanda. Thamani inayotozwa kodi ni kinachobaki baada ya kutoa misamaha, na ndiyo inayozidishwa kwa kiwango.

Tofauti hii ina uzito. Nyumba yenye homstedi (msamaha wa nyumba unayoishi mwenyewe) haiwezi kupanda thamani ya tathmini kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa umeongeza chumba au jengo jipya. Tuseme mwaka jana ilikuwa dola 280,000 na mwaka huu soko limeandikwa dola 340,000. Kikomo kinaisimamisha kwenye dola 308,000. Ukipigana hadi soko likashuka kufika dola 320,000, bili ya mwaka huu haitabadilika hata senti, kwa sababu bado uko juu ya 308,000. Mpaka ushuke chini ya hapo ndipo pesa itarudi mfukoni. Piga hesabu hii kabla ya kuomba ruhusa kazini kwenda kwenye shauri. Lakini usikate tamaa moja kwa moja: thamani ya tathmini haiwezi kuzidi soko, kwa hiyo soko likishushwa leo, mwaka ujao huenda ikawa na nafasi ndogo ya kupanda.

Nyumba ya kupangisha nayo ina kikomo, cha asilimia 20, kwa mali isiyozidi takriban dola milioni 5. Kimewekwa kwa miaka ya kodi 2024 hadi 2026.

Homstedi ni nini, na ninaiombaje?

Ni msamaha wa nyumba unayoishi mwenyewe kama makazi yako makuu. Kabla ya kuwaza pingamizi, hakikisha unao. Inaumiza kuona familia zimelipa kodi kamili miaka mitatu minne kwa kukosa tu kujaza fomu ya bure.

Kwenye kodi ya shule, homstedi inaondoa dola 140,000 za thamani. Tuchukue nyumba ya dola 320,000 na kiwango cha shule cha dola 1 kwa kila dola 100. Bila homstedi shule inadai dola 3,200. Ukiwa nayo, dola 1,800. Kaunti na miji mingi huongeza msamaha wake, hadi asilimia 20 ya thamani. Aliyefikisha miaka 65, au mwenye ulemavu unaotambulika, anaongezewa dola 60,000 kwenye kodi ya shule, na kodi hiyo inawekewa dari: haitapanda tena maadamu anaishi hapo na hajaongeza jengo.

Fomu ni namba 50-114. Ipeleke ofisi ya tathmini ya kaunti kabla ya Mei 1. Ambatanisha nakala ya leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas. Hapo ndipo maombi mengi hukwama: anwani ya kwenye leseni lazima iwe ile ile ya nyumba. Watu huhama, wakasahau kubadili leseni, fomu ikarudishwa. Badilisha leseni kwanza, ndipo utume fomu.

Uraia hauulizwi. Kinachotakiwa ni umiliki na kuishi pale. Ila nyumba ikiandikwa kwa jina la kampuni, hata kampuni yako mwenyewe, homstedi hakuna.

Nilinunua miaka miwili iliyopita na sikuwahi kuomba. Nimeshapoteza?

Si yote. Sheria inaruhusu maombi ya kuchelewa hadi miaka miwili baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka husika ilianza kuhesabiwa imechelewa, yaani Februari 1. Jaza fomu ile ile 50-114, weka alama kwenye sehemu ya maombi ya kuchelewa na taja mwaka. Ulichozidisha kulipa kinarudishwa. Aliyenunua katikati ya mwaka naye anaweza kuomba mwaka huo huo, bila kungoja Januari, kama muuzaji hakuwa na msamaha huo kwa mwaka ule.

Nimepata barua ya kuthibitisha kwamba bado naishi hapa. Ni ya kweli?

Huenda ni ya kweli. Tangu sheria ya mwaka 2023, ofisi za tathmini zinatakiwa kukagua kila homstedi angalau mara moja katika miaka mitano. Ukiitupa, msamaha unaweza kufutwa, na kikomo cha asilimia 10 kinaondoka nao. Linganisha namba ya akaunti kwenye barua na ile iliyo kwenye tovuti ya ofisi, kisha jibu.

Barua ya uongo utaijua kwa kitu kimoja: inadai ada "ya kusajili homstedi". Ofisi ya tathmini haitozi chochote kwa fomu hiyo.

Nikienda nyumbani Mombasa au Bukavu kumuuguza mzazi, homstedi itafutwa?

Safari haifuti msamaha maadamu hutakuwa nje kwa zaidi ya miaka miwili, unakusudia kurudi na hujaweka makazi makuu mengine. Kinacholeta matatizo ni kuhamia nyumba nyingine, ile ya zamani ukaipangisha na ukanyamaza. Ofisi ikigundua, inarudi nyuma na kudai kodi iliyokwepwa. Ukihama, wajulishe kwa maandishi.

Nyumba yangu ni mpya. Mwaka wa kwanza kodi ilikuwa ndogo, wa pili ikaruka mara nne. Wamekosea?

Mara nyingi hawajakosea. Januari 1 ya mwaka ulionunua pale palikuwa na kiwanja kitupu, au msingi na mbao, na ndicho kilichotozwa. Januari iliyofuata nyumba ilikuwa imesimama. Kikomo cha asilimia 10 hakikulindi hapo, kwa sababu kinaanza kufanya kazi mwaka unaofuata ule wa kwanza wa homstedi.

Pigo kubwa hutoka kwenye eskro, akaunti ambayo benki ya mkopo hukusanyia pesa zako za kodi. Benki ilikuwa inakukata kila mwezi kwa hesabu ya kiwanja, sasa imelipa kodi ya nyumba nzima, akaunti ina upungufu. Inakudai mara mbili kwa wakati mmoja: upungufu wa mwaka uliopita na kiwango kipya cha mwaka ujao. Ukinunua nyumba mpya, chukua bei uliyonunulia, zidisha kwa jumla ya viwango vya eneo lako, gawanya kwa 12, na uweke pembeni kila mwezi, tangu siku ya kwanza, tofauti kati ya kiasi hicho na kile benki inachokukata kwa kodi.

Siku ya mwisho ya kupinga ni lini?

Mei 15, au siku 30 tangu notisi ilipotumwa, ipi itakayochelewa. Siku 30 zinaanza tarehe iliyochapwa kwenye notisi, si siku uliyofungua sanduku la barua.

Notisi haitumwi kila mwaka kwa kila nyumba. Thamani isipopanda huenda usipate kitu, lakini haki ya kupinga unayo. Ingia tovuti ya ofisi ya tathmini mwezi Aprili, tafuta anwani yako, uone wameandika nini.

Ninapingaje, hatua kwa hatua?

Jaza Fomu 50-132, au tumia tovuti ya kaunti. Kaunti ya Harris (Houston), kwa mfano, ina mfumo wa iFile. Kwenye sababu, weka alama mbili: kwamba thamani imezidi bei ya soko, na kwamba nyumba imetathminiwa juu kuliko nyumba nyingine zinazofanana nayo. Ukiweka moja tu, bodi inaweza kukataa kusikiliza hoja ya pili. Usijaze kurasa za maelezo wakati huo. Kinachotakiwa kwanza ni kuwahi tarehe. Ushahidi unaweza kufuata.

Papo hapo omba kwa maandishi ushahidi ambao ofisi itautumia dhidi yako. Wanatakiwa kukupa angalau siku 14 kabla ya shauri, na wasichokupa baada ya wewe kuomba hawaruhusiwi kukitumia. Wengi hawaombi, kisha wanakutana na orodha ya nyumba za kulinganisha kwa mara ya kwanza wakiwa wameshakaa kitini.

Baada ya hapo kuna mazungumzo na mtathmini, kwa simu, ana kwa ana au kwa mtandao. Kesi nyingi huishia hapo. Akikupa namba, ifikirie kabla ya kukubali, kwa maana ukisaini makubaliano mwaka huo umefungwa: huwezi kurudi kesho ukasema umepata ushahidi mpya. Ukikataa, unaendelea mbele ya bodi ya mapitio, inayojulikana kama ARB. Pingamizi lako haliwezi kuifanya bodi ipandishe thamani juu ya ile iliyowasilishwa na ofisi, kwa hiyo woga wa "nikisema wataniongezea" hauna msingi.

Ushahidi gani unashinda?

Anza na kadi ya nyumba yako kwenye tovuti. Ifungue na ulinganishe na nyumba yenyewe, mstari kwa mstari: futi za mraba, mwaka wa ujenzi, idadi ya mabafu, bwawa la kuogelea, daraja la ujenzi. Angalia mchoro. Ofisi hupima kwa nje, na makosa yanajirudia: gereji imehesabiwa kama sehemu ya kuishi, veranda iliyofunikwa imeandikwa chumba, au uwazi ulio juu ya sebule yenye dari ndefu umehesabiwa kama sakafu ya ghorofa ya pili. Kosa la futi 200 kwa dola 150 kwa futi ni dola 30,000 za thamani, na halina ubishi. Chukua futikamba, pima, piga picha.

Kama ulinunua nyumba karibuni kwa bei ya chini kuliko notisi, karatasi ya mwisho ya ununuzi inatosha kuanzisha mazungumzo. Texas hailazimishi bei za mauzo kuwekwa wazi, kwa hiyo bei za majirani utazipata kwa wakala wa nyumba. Mwombe mauzo ya mtaa huo huo yaliyo karibu na Januari 1.

Ubovu unahitaji bei. Picha ya ufa ukutani peke yake mtathmini ataiangalia na kuendelea. Picha hiyo ikiambatana na makadirio ya fundi wa msingi yanayosema ukarabati ni dola 18,000, ina namba ya kutoa kwenye thamani. Fanya hivyo hivyo kwa paa, mabomba na kiyoyozi. Ubovu uwe ulikuwepo Januari 1; paa lililopigwa mvua ya mawe mwezi Aprili ni hoja ya mwaka ujao.

Hoja ya usawa inafanyikaje?

Hii ndiyo silaha bora ya mwenye nyumba wa kawaida, kwa sababu data yote iko bure kwenye tovuti ya ofisi yenyewe. Sheria inasema thamani yako isizidi namba ya katikati ya nyumba zinazolingana na yako, baada ya marekebisho yanayofaa.

Tuseme nyumba yako ina futi 1,850 na imeandikwa dola 325,000, yaani dola 175.70 kwa futi. Umetafuta nyumba tano za mtaa huo huo, umri na daraja moja:

Futi 1,790, dola 290,000: 162.00 kwa futi.
Futi 1,900, dola 304,000: 160.00.
Futi 1,840, dola 299,000: 162.50.
Futi 1,880, dola 300,000: 159.60.
Futi 1,820, dola 303,000: 166.50.

Zipange kuanzia ndogo: 159.60, 160.00, 162.00, 162.50, 166.50. Ya katikati ni 162.00. Zidisha kwa 1,850, unapata dola 299,700. Hiyo ndiyo namba unayoiomba. Jumla ya viwango ikiwa asilimia 2.2, tofauti ya dola 25,300 ni kama dola 550 kwa mwaka.

Kinachoangusha hoja hii ni kuchagua nyumba za bei ya chini tu. Mtathmini ana ramani mbele yake. Ataona umeruka jirani wa ukuta kwa ukuta ukaenda mitaa mitatu mbali. Chukua tano hadi kumi zilizo karibu kweli, pamoja na ile isiyokupendeza. Mwenzako akiwa na bwawa na wewe huna, lipunguze kwenye thamani yake kwa kiasi kile kile ofisi ilichokiandika kwenye kadi. Tumia thamani ya soko ya nyumba hizo, si ya tathmini, maana ile ya pili imeshabanwa na kikomo cha kila mwenye nyumba.

Siku ya shauri kunakuwaje?

Taarifa ya tarehe hufika angalau siku 15 kabla. Mbele yako kuna jopo, kwa kawaida la watu watatu, na pembeni mtathmini wa ofisi. Mtaapishwa. Shauri la nyumba ya kuishi ni fupi, mara nyingi dakika 15 hadi 30, kwa hiyo namba yako itoke mwanzo: "Naomba thamani iwe dola 299,700, na sababu ni hizi." Kisheria mzigo wa kuthibitisha thamani uko kwa ofisi, na kama mwaka jana ilishushwa kwa pingamizi, wanahitaji ushahidi mzito zaidi ili waipandishe tena.

Beba nakala tano za karatasi zako: tatu za jopo, moja ya mtathmini, moja yako. Picha iliyo kwenye simu haiwezi kubaki kwenye faili. Usitaje mshahara, ugonjwa au watoto walio chuoni. Ni mambo ya kweli na mazito, lakini jopo haliruhusiwi kuyahesabu, na yanakula dakika zako.

Kiingereza kikikupa shida, piga simu mapema uulize kuhusu mkalimani, au ongozana na ndugu anayekimudu, na mzipitie namba pamoja jana yake usiku. Unaweza pia kuhudhuria kwa simu, au kutuma ushahidi kwa kiapo kwenye Fomu 50-283.

Tarehe ikigongana na kazi, mwenye nyumba asiye na wakala ana haki ya kuahirisha mara moja bila kutoa sababu, akiomba kabla ya siku ya shauri. Ukikosa kufika kwa sababu ya msingi, andika kwa bodi ndani ya siku nne.

Nimechelewa Mei 15. Kuna mlango mwingine?

Upo, ila ni mwembamba. Kama hukuletewa notisi iliyotakiwa kutumwa, unaweza kupinga kwa sababu hiyo kabla kodi haijachelewa. Kama nyumba yenye homstedi imezidishiwa thamani kwa zaidi ya robo ya thamani sahihi (theluthi kwa mali nyingine), unaweza kuomba marekebisho kabla ya Februari 1, na ukishinda utalipa adhabu ya kuchelewa ya asilimia 10 ya kodi. Makosa ya kiuandishi, kama nyumba kuhesabiwa mara mbili, yanaweza kurekebishwa hadi miaka mitano nyuma. Kusahau si sababu inayokubalika.

Bodi imenikatalia. Nifanye nini?

Una siku 60 tangu upokee uamuzi. Kwa nyumba ya kawaida njia ya bei nafuu ni usuluhishi unaosimamiwa na ofisi ya Mdhibiti wa Fedha wa jimbo. Amana ni dola 450 kwa homstedi isiyozidi dola 500,000, na dola 500 ikizidi hapo. Namba ya msuluhishi ikiwa karibu zaidi na yako kuliko ya bodi, unarudishiwa amana isipokuwa dola 50, na ofisi ya tathmini inamlipa msuluhishi. Ikiwa kinyume, amana imekwenda. Usilipe dola 450 kutafuta punguzo la dola 200. Mahakama ya wilaya ipo pia, lakini gharama ya wakili inaifaa mali kubwa.

Nikiwa kwenye pingamizi, nisilipe kwanza?

Lipa. Mwisho ni Januari 31. Februari 1 inaongezeka adhabu ya asilimia 6 na riba ya asilimia 1. Julai 1 adhabu hufika asilimia 12, riba ikiendelea kila mwezi, na mawakili wa ukusanyaji wanaweza kuongeza hadi asilimia 20 juu yake. Ukishinda baadaye unarudishiwa ulichozidisha. Usipolipa hata sehemu usiyoipinga, rufaa yenyewe inaweza kutupwa.

Pesa ikiwa haipo, nenda ofisi ya mkusanya kodi ya kaunti uombe mkataba wa kulipa kidogo kidogo; mwenye homstedi ambaye hajapewa mkataba kama huo miezi 24 iliyopita hawezi kunyimwa. Wazee wa miaka 65 na watu wenye ulemavu wanaweza kulipa kwa awamu nne bila adhabu, ya kwanza kabla ya Februari 1 na ya mwisho kabla ya Agosti 1. Wanaweza pia kuahirisha kodi yote kwa Fomu 50-126, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, wakiendelea kuishi pale bila kunyang'anywa. Deni halifutwi, linaisubiri nyumba, kwa hiyo watoto wajulishwe. Na kama kuna mkopo wa benki, uliza benki kwanza.

Nimpe wakala anifanyie?

Kampuni za pingamizi huchukua sehemu ya kodi utakayookoa, na hupewa mamlaka kwa Fomu 50-162. Soma mambo mawili kwenye mkataba: asilimia inahesabiwa kwenye kodi iliyookolewa kweli au kwenye tofauti ya thamani ya soko, na mkataba unajirudia kila mwaka au la. Ukihesabiwa kwa thamani ya soko na nyumba yako imebanwa na kikomo cha asilimia 10, unaweza kumlipa wakala kwa "ushindi" ambao haukupunguza bili. Na ukishamteua, barua za shauri huenda kwake. Asipotokea, aliyekosa kufika ni wewe.